Kabla ya Kununua Programu Mpya, Mamlaka ya Maji Ianze na Namba ya Unganisho

Katika miaka niliyofanya kazi kwenye mamlaka za maji za ukanda wa Ziwa Victoria, kwanza upande wa ufundi na baadaye upande wa mipango, nimeona kwamba kila linapoibuka suala la ufanisi, kikao cha menejimenti hukimbilia kujadili programu ya kompyuta ya kununua. Sipingi programu. Ninachosema ni kwamba hasara kubwa ya mamlaka ya maji haimo ndani ya idara yoyote peke yake, bali katika mipaka ya idara: pale taarifa inapotoka huduma kwa wateja kwenda kwa mafundi, kutoka kwa mafundi kwenda stoo, na kutoka stoo kwenda kwa wahasibu. Kama kila idara inakitambua kitu kilekile kwa jina lake, programu ya gharama yoyote itahifadhi mkanganyiko huo kwa unadhifu zaidi.

Mwanza ni mahali pazuri pa kuelewa kwa nini jambo hili lina uzito. Mgeni akisimama Isamilo au Bugando na kulitazama ziwa lote lile hushangaa akisikia kwamba kuna mitaa yenye mgao, lakini mji huu umejengwa juu ya vilima vya mawe, na maji yanayochukuliwa ziwani Capripoint, pamoja na yale ya chanzo cha Butimba kilichojengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, hayapandi vilima bila umeme. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 100 kunahitaji, kwa hesabu ya fizikia tu, takriban uniti 0.27 za umeme. Kwa pampu na mota zenye ufanisi wa jumla wa asilimia 60, uniti hizo hufika 0.45. Maji yakiinuliwa mara mbili, kutoka tenki la chini kwenda la juu, hesabu hiyo inajirudia, na yakishavuja huko juu yamekwishalipiwa dawa, umeme na mishahara. Kilima kina adhabu nyingine pia: kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa takriban bar 1, hivyo tenki lililo mita 100 juu ya mtaa linaubebesha mtaa huo bar 10 usiku wakati watu wamelala na valvu za nyumbani zimefungwa. Bomba la plastiki la daraja la PN10, yaani la kuhimili bar 10, hapo limefika kikomo chake, na kiungio kilichofungwa kwa haraka hakitangoja hata hicho kikomo.

Sasa tuufuate mvujo mmoja ofisini. Katika mji mmoja wa kando ya ziwa ambao mamlaka yake sitaitaja, mteja alipopiga simu kueleza kwamba maji yanamwagika barabarani, taarifa yake iliandikwa kwa namba ya akaunti yake, ingawa mvujo wenyewe ulikuwa mbali na nyumba yake. Msimamizi wa kanda aliipokea kwa simu na kuiandika kwenye daftari lake kuwa "nyuma ya msikiti, karibu na mashine ya kusaga." Stoo ilitoa klampu ya kuzibia bomba kwa namba ya hati ya kutolea vifaa. Ramani ya mtandao wa mabomba, ambayo ilichorwa vizuri sana kwa fedha za mradi, ililitambua bomba lile kwa namba ambayo hakuna fundi hata mmoja aliyeijua. Mvujo ulizibwa siku ya pili, lakini kwenye kitabu cha malalamiko uliendelea kuwa wazi kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyeweza kusema ni mara ya ngapi bomba lile linapasuka, klampu zilizotumika zimegharimu kiasi gani, wala kama ingekuwa nafuu kulibadilisha kipande chote. Kila idara ilikuwa na kumbukumbu zake sahihi. Kilichokosekana ni uzi wa kuziunganisha.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoupa uzito kuliko yote, ni kuweka namba moja ya kudumu kwa kila unganisho la maji. Namba hiyo isiwe ya mtu, kwa sababu wapangaji huhama na nyumba huuzwa. Isiwe ya dira ya kupimia maji, kwa sababu dira hubadilishwa. Na isiwe kumbukumbu namba ya malipo, ambayo tangu GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, uanze kutumika mwaka 2017 wateja wameizoea, lakini kazi yake ni kutambulisha malipo. Unganisho lenyewe, yaani sehemu ambapo bomba la huduma linatoka kwenye bomba la mtaa, halihami. Mteja, dira, picha, eneo kwenye ramani, bomba linalolihudumia na kanda ya tenki vyote vining'inizwe kwenye namba hiyo. Vipande vya bomba, valvu na matenki navyo vipewe namba zao kwa kanuni hiyohiyo, ili mvujo wa barabarani usiandikwe tena kwa akaunti ya msamaria mwema aliyepiga simu.

Wataalamu wengi hupenda namba inayojieleza, yenye tarakimu za halmashauri, kata na mtaa. Nashauri isiwe hivyo. Ilemela, iliyokuwa sehemu ya Jiji la Mwanza, ilipotengwa na kuwa manispaa yake mwaka 2012, mpaka wa kiutawala ulibadilika huku mabomba yakibaki palepale yalipokuwa. Namba iwe namba tu. Kata na kanda ziandikwe kwenye safu zake, zibadilishwe inapobidi.

Baada ya hapo hakuna njia ya mkato: ni kutembea nyumba kwa nyumba. Uhakiki wa wateja ni kazi ya jua, mbwa na mageti yaliyofungwa, na ndiyo sababu huahirishwa kila mwaka wa bajeti. Nakumbuka nikiwa na msoma dira kijana katika mtaa wa mlimani, tukipokelewa na mama mwenye nyumba. "Shikamoo mama, tumekuja kuangalia dira." "Marahaba mwanangu. Mwenzako wa mwezi uliopita hakuja, ila bili ilikuja." Dira ilikuwa chini ya mchanga wa kusugulia vyombo, kioo chake kina utando wa kijani, kijana alikifuta kwa kidole gumba mpaka tarakimu zikaonekana, na ilikuwa wazi kwamba makisio ya miezi mingi yalikuwa yamemzidishia yule mama matumizi. Nyumba ya tatu kutoka pale tulikuta bomba jembamba limepitishwa kando ya dira. Wote wawili walikuwa na "taarifa kamili" kwenye mfumo wa ankara.

Kuna jambo lingine ambalo uhakiki huo hulifichua, na ambalo mkaguzi wa hesabu hawezi kuliona akiwa mezani. Nyumba nyingi za mjini zina simtanki yenye floti, kifaa kinachoelea na kufunga maji tenki likijaa. Tenki likikaribia kujaa, floti hubana maji yaingie polepole sana, wakati mwingine kwa lita chache tu kwa saa, na dira ya kawaida ya mzunguko, hasa iliyochakaa, haiuhisi mtiririko mdogo namna hiyo. Maji yanaingia, tarakimu zinasimama. Kwa upande mwingine, mahali penye mgao, hewa inayosukumwa bombani maji yanaporudi huweza kuizungusha dira, na mteja anayelalamika kwamba analipia upepo mara nyingi hasingizii. Ndiyo maana nataka mfumo utunze umri wa dira, aina yake na jumla ya maji yaliyokwishapita ndani yake, ili ibadilishwe kwa vigezo hivyo badala ya kusubiri igande.

Kuhusu makisio, msoma dira asiruhusiwe kuacha nafasi tupu wala kuandika namba ya kubuni. Akishindwa kusoma, achague sababu: geti limefungwa, dira imefukiwa, kioo kimepasuka, nyumba haina mtu. Picha ya dira yenye saa na mahali itunzwe, na njia za wasomaji zizungushwe kila baada ya muda. Baadhi ya viongozi hutumia taarifa hizi kuandika barua za onyo kabla hawajazisoma vizuri. Ukiona sababu ya "dira imefukiwa" imejaa katika mtaa mmoja, huenda barabara ya mtaa huo imeinuliwa kwa kifusi na masanduku ya dira yamezikwa pamoja, na onyo halitayafukua.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni mtiririko wa usiku. Gawa mtandao katika kanda ambazo kila moja inaingiza maji kupitia bomba moja lenye dira kubwa, kisha usome dira hiyo kati ya saa nane na saa kumi usiku. Matumizi halali ya saa hizo ni madogo, ukiondoa hospitali, viwanda vya samaki na simtanki zinazojaza, ambazo ni lazima uzihesabu, hasa penye mgao wa usiku. Kinachobaki ni mivujo. Mvujo wa mita moja ya ujazo kwa saa unaonekana mdogo kwenye grafu, lakini kwa siku 30 ni mita za ujazo 720, yaani matumizi ya kaya 48 zinazotumia mita za ujazo 15 kila moja kwa mwezi. Ukiwa na namba za maunganisho zilizofungwa kwenye kanda, unaweza mwisho wa mwezi kulinganisha maji yaliyoingia na yaliyotozwa, kanda kwa kanda. Pale mtiririko wa usiku ulipo mdogo lakini pengo la ankara ni kubwa, peleka watu wa dira; pale usiku unapokuwa mkubwa, peleka mafundi na usikilize mabomba. Kwa maneno mengine, upotevu wa bombani na upotevu wa kibiashara, yaani maji yanayotumika bila kutozwa, vinatenganishwa kabla fedha hazijatumika.

Viwango vya kimataifa nitavigusa kwa ufupi. ISO 9001, kiwango cha usimamizi wa ubora, husaidia kupanga taratibu, na ISO 24512, iliyotolewa kwanza mwaka 2007, imeandikwa mahsusi kwa ajili ya usimamizi wa huduma za maji ya kunywa. Cheti kisitangulie kazi. La maana zaidi ni kwamba tafsiri ya kila kiashiria ndani ya mfumo wenu ilingane na ile inayotumiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, vinginevyo mtakuwa na takwimu za kuripoti na takwimu za kuendeshea kazi, na hizo mbili hazitakutana.

Taarifa isiyosomwa haina faida, kwa hiyo kuwe na kikao kifupi cha kila wiki chenye ukurasa mmoja, wakuu wa ufundi, biashara, fedha na stoo wakiwa mezani pamoja. Msijadili idadi ya malalamiko yaliyofungwa, kwa sababu idadi hiyo hupanda kirahisi kwa kuziba mivujo midogo. Mjadili lalamiko kongwe lililo wazi na kinachosubiriwa. Saa ianze kuhesabika pale mteja alipopiga simu, wala si pale fundi alipopewa kazi. Nimewahi kuona muda wa matengenezo ukishuka vizuri kwenye ripoti kwa sababu tu saa ilikuwa ikianzishwa jioni, gari lilipopatikana.

Mkifika hatua ya kununua programu, daini ifanye kazi bila mtandao wa intaneti na kutuma taarifa baadaye, kioo chake kiwe kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi, na mkataba uandike wazi kwamba taarifa zote ni mali ya mamlaka na zitatolewa katika mfumo unaosomeka na programu nyingine. Ijaribuni katika kanda moja, mzunguko mzima wa ankara, kuanzia kusoma dira hadi malipo kuingia, kabla ya kusaini kwa mji wote.

Na wakati manunuzi yanasubiri kamati, kuna kazi isiyohitaji zabuni. Katika kila mamlaka yupo fundi mzee anayejua valvu zilipofunikwa na lami, zipi zinafungwa kinyume na nyingine, na ipi ukiigusa mtaa wa pili unakosa maji. Mpeni gari, posho na kijana mwenye simu ya kupiga picha, wazunguke valvu moja baada ya nyingine na kuziandikia namba, mahali, mwelekeo wa kufunga na idadi ya mizunguko, kabla barua yake ya kustaafu haijafika.