Kisu cha porini kilichofuliwa Nyakato

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni kitu gani kilichotengenezwa kwa mikono ambacho usingekubali kukibadilisha na cha dukani, na kwa nini? Changu ninakivaa kiunoni kila ninapowapeleka vijana wa skauti kupiga kambi kando ya ziwa, upande wa Igombe. Ni kisu cha porini. Alinifulia fundi mmoja wa hapa hapa Mwanza, mtaa wa Nyakato.

Ukikitazama juu juu, hakina makuu. Bapa lina sentimita 11, na mgongo una unene wa milimita 4. Hakina nakshi wala yale meno ya mgongoni ambayo vijana huyapenda na ambayo sijawahi kuona kazi yake. Chuma chake ni springi ya Land Rover iliyokwisha kazi, na kimepita mzima mzima hadi mwisho wa mpini, kikabanwa kwa vipande viwili vya mninga na ribiti za shaba. Kisu kama hicho unaweza kukigongea kwa rungu kikapasua kuni, na mpini usicheze. Visu vingi vya dukani, chuma huishia katikati ya plastiki, na hapo ndipo vinapokatikia.

Mgongo nao ni kazi tupu. Fundi aliuacha na kona kali, hakuuviringisha. Kwa kona hiyo ninaparua magamba ya sato bila kuchosha makali, na mvua ikitukuta ninakwangua gome kavu hadi nipate unga wa kuwashia moto.

Lakini ukiniuliza ninachokistahi zaidi, nitakuambia ni moto uliopita ndani yake, jambo ambalo jicho halioni. Nilikaa kwenye kijiwe chake nikimtazama. Bapa lilipoiva kwenye makaa, alilisogeza kwenye sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Sumaku ikivuta, analirudisha motoni. Chuma kikifika kama nyuzi 770 huacha kushika sumaku, na yeye alikuwa akiisubiri dalili hiyo. Akakipa moto kidogo zaidi, kisha akakitumbukiza kwenye mafuta yaliyopashwa, si maji, kwa sababu maji hupoza kwa kishindo na chuma cha springi kinaweza kupasuka. Akapitisha tupa kwenye makali, ikateleza bila kung'ata, dalili kwamba chuma kimekuwa kigumu.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Akaniambia, "Ngosha, sasa hivi ukikiangusha kwenye jiwe kinavunjika." Akalisugua bapa kwa msasa mpaka likang'aa, akaanza kupasha mgongo peke yake, taratibu, huku akitazama rangi zikitembea juu ya chuma. Mgongo ulipogeuka bluu, makali yalikuwa ya manjano kama nyasi kavu, na papo hapo akakipoza. Ndiyo maana makali yanakaa na ukali wake, na mgongo unastahimili kupigwa. Hana kipimajoto. Anasoma rangi tu, tena kivulini, maana juani rangi hizo zinadanganya.

Na mpini? Alinipa ukiwa bado haujalainishwa, akaniambia nichonge vigingi vya hema nikiwa pale pale. Nilipoutua, akashika kiganja changu, akatazama palipokuwa pekundu, akaenda kupiga tupa sehemu hizo tu. Tukarudia mpaka wekundu ukaisha.

Huniuma ninapowasikia watu wakimshusha bei fundi wa aina hii kwa hoja kwamba sokoni Makoroboi kisu kinapatikana kwa bei ya chipsi. Kufua chuma si ufundi wa kuja kwenye kanda hii. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, kuna mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Katika karne ya 19, majembe ya Uzinza, kusini-magharibi mwa ziwa, yalivuka kwenda Usukuma na Unyamwezi, na watu waliyatolea mahari. Jembe lilitosha kuoa, leo tunabishania nauli ya daladala!

Kinataka matunzo, sikatai. Chuma hiki si kile kisichoshika kutu, na hewa ya ziwa haina huruma. Baada ya samaki ninakiosha, ninakifuta mpaka kikauke, ninapaka mafuta kidogo ya alizeti. Usiku hakilali ndani ya ala, kwa sababu ngozi hutunza unyevu.

Anayetaka chake, namshauri asiende kwa fundi na picha ya kwenye simu. Aende na kazi: amwambie anachonga nini, anapasua kuni nene kiasi gani, anatumia mkono upi. Binti yangu ni wa kushoto, naye amejiunga na skauti mwaka huu. Tumeshapeleka oda yake, kifupi kuliko changu, na fundi ameshampima kiganja kwa uzi ili ajue mpini utoke mnene kiasi gani.