Bahari hufuta, msitu haufuti

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama sisi tunaoendesha magari na pikipiki porini kwa starehe turuhusiwe kuingia kwenye misitu ya hifadhi. Niko Mtwara mjini, na mchezo huo naupenda. Jibu langu ni ndiyo, ila kwenye njia iliyokwishakuwapo tu, na wakati wa kiangazi tu.

Watu wa Mtwara tumedekezwa na ufukwe wa Msimbati. Maji yakikupwa, mchanga mbichi unakaza na gari linateleza juu yake kama lami. Ukirudi saa sita baadaye, bahari imeshafuta alama zako zote. Mharibifu ni yule anayepandisha gari juu, kwenye mchanga mkavu karibu na majani. Huko ndiko kasa anakofukia mayai, na kitoto chake kikitumbukia kwenye mfereji wa tairi hakifiki majini kirahisi.

Tabia hiyo ya kufutiwa alama ndiyo tuliyoipeleka kwenye msitu wa hifadhi wa Rondo, kule Lindi. Ilikuwa mwaka juzi mwezi wa tatu, kifuku kimekolea. Barabara ya magari ya magogo ilikuwa tope tupu, basi tukaikwepa kwa kupita kichakani, tukijivunia matairi yetu yenye kashata nene. Hatukufika mbali. Gari lilinasa hadi ekseli, tukakata fito, tukazitandika chini ya matairi, tukatoka huku tunashangilia na kupigana picha.

Oktoba nilipita tena palepale. Mvua zilikuwa zimeufuata mfereji wa matairi yetu na kuuchimba hadi usawa wa goti. Hilo ningeweza kulimeza. Kilichoniuma ni kwamba njia yetu ilikuwa imepata wateja: alama za baiskeli, visiki vibichi, na vumbi jeusi la mkaa njia nzima. Sisi tulipita mara moja kwa starehe, wenzetu wakapata barabara ya bure.

Halafu kuna komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa takriban gramu 60, yaani kama yai moja la kuku. Wanasayansi walimtambulisha rasmi kama spishi katika miaka ya 1990, na hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Yeye hukaa sana chini, akiruka kutoka mche hadi mche. Kwa maneno mengine, zile fito tulizokata kwa dakika kumi ni barabara za mtu mwingine.

Najua nitaambiwa kwamba wapasua mbao wanaharibu kuliko sisi. Kweli kabisa. Lakini wao angalau wanatafuta ugali.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa mambo mengi ndani ya hifadhi, kwa hiyo masharti yaandikwe humohumo kwenye kibali: njia zitajwe moja moja, usiku hapana, na kuanzia Desemba hadi mvua ziishe geti lifungwe. Kuhusu ada, wapange wanavyoona. Ada peke yake haizibi korongo, na mwenye pesa atalipa kisha apite anapotaka.

Siku hizi nyuma ya gari nabeba mbao mbili za kutandika. Zikishindwa, tunashuka tunasukuma.