Hamsta anayetafuna waya hanoi meno

SWALI: Daktari, nina hamsta jike wa Siria, yule mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, mwenye umri wa miezi mitano. Anaishi kwenye tundu la waya la ghorofa tatu, lenye beseni la plastiki chini na gurudumu dogo la kukimbilia lililokuja nalo. Kila usiku anatafuna waya, na sasa manyoya ya juu ya pua yameanza kunyonyoka. Aliyeniuzia anasema ananoa meno, akanipa jiwe la kutafuna na dawa chungu ya kupaka kwenye waya. Havijasaidia. Nataka kumhamishia tundu la ghorofa tano. Nichague la aina gani, na ndani nilipange vipi?

JIBU: Hilo la ghorofa tano liache hukohuko dukani. Na hii habari ya kunoa meno ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana naisikia kila mara, na mara nyingi imetoka kinywani mwa mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Ni kweli meno ya mbele ya hamsta hukua maisha yake yote. Lakini hayahitaji chuma ili yapungue. Ya juu na ya chini husagana yenyewe, na vyakula vigumu au kijiti cha kuguguna vinatosha kumpa kazi ya ziada. Waya haunoi jino. Unaweza kulivunja au kulipinda, na ndio uliomchubua wako pua. Mnyama anayeng'ang'ania waya uleule usiku kucha anatafuta njia ya kutoka. Ukiupaka uchungu, atahamia waya wa pili, na kinachomsumbua kitabaki palepale.

Kinachomsumbua ni kwamba yeye ni mchimbaji na hana pa kuchimba. Karibu hamsta wote wa Siria tunaofuga leo wametokana na wachache waliokamatwa karibu na Aleppo mwaka 1930, na jamaa zao waliobaki porini huishi kwenye mashimo yenye kina cha wastani wa sentimita 65 hivi. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walitoa matokeo ya jaribio ambalo hamsta walipewa matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 ndio waliotafuna waya zaidi. Sasa chukua rula upime ya kwako. Beseni la tundu la ghorofa kwa kawaida halina ukingo wa kubeba zaidi ya hapo. Ukizidisha, yote yanamwagika sakafuni.

Ghorofa nazo hazimwongezei nafasi, zinamwongezea mahali pa kuanguka. Macho yake ni hafifu, hajui kukadiria umbali wa kwenda chini, na kuunga mguu wa mnyama wa ukubwa huo si kazi ninayoipenda.

Basi tafuta eneo la chini. Kwangu mimi, urefu wa sentimita 100 kwa upana wa 50 ndio mwanzo, na kimo kisipungue 50 ili upate pa kujaza. Tangi la samaki linalovuja, ambalo mwenyewe analitupa, linakufaa kabisa, mradi lifunikwe kwa wavu na si kwa kioo, maana mkojo usipopata hewa hutoa amonia, gesi kali inayounguza mapafu. Ila usidhani kioo chenyewe ni tiba. Ukimweka kwenye tangi lenye matandiko ya vidole viwili ataacha waya, kwa kuwa haupo, na ataanza kukwangua kona.

Upande mmoja jaza sentimita 40, upande wa pili 15 zinatosha. Changanya vipande vya karatasi laini isiyo na manukato na nyasi kavu, ukishindilia kwa mkono tabaka kwa tabaka, la sivyo kila njia atakayochimba itaporomoka. Maranda ya mwerezi usitumie kabisa, na ya msonobari yanayonukia vilevile. Harufu hiyo inaumiza njia ya hewa. Ile pamba laini inayouzwa kama godoro la hamsta itupe: nyuzi zake hufunga miguu na, zikimezwa, huziba utumbo. Gurudumu liwe la kipenyo cha sentimita 28 hadi 30, lenye njia iliyozibwa, bila vijiti vya kunasa miguu. Vitu vizito visimamishe juu ya nguzo zinazofika chini kabisa, asije akachimba akaangukiwa. Mpe bakuli la mchanga wa kujigaragaza, si vumbi la kuogea. Kila unaposafisha ondoa kona yenye mkojo tu. Ukitoa kila kitu unamfutia harufu yake na anaanza upya kwa hofu. Na akae peke yake, hata kama muuzaji amekwambia anahitaji mwenzake.

Mpe wiki kadhaa, kwani tabia iliyozoeleka haifi kwa usiku mmoja. Iwapo hali vizuri, anadondosha mate au anapungua uzito, hapo ndipo pa kushuku meno, na atazamwe na daktari wa wanyama. Usimkate meno nyumbani kwa kikata kucha kama wanavyoonyesha kwenye video. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na jipu linalofuata ni gumu kulitibu kuliko jino refu.

Na hicho kidonda cha pua kisikutie majaribuni. Wapo watakaokuuzia amoksilini, au kukushauri usage tembe iliyobaki kabatini, kwa maneno kwamba antibiotiki ni antibiotiki. Kwa hamsta, jamii yote ya penisilini, amoksilini ikiwemo, ni hatari: huua bakteria wema wa tumboni, wale wabaya wakatamalaki na kumwaga sumu, naye akafa kwa kuharisha ndani ya siku chache. Nimeletewa waliokuwa na mchubuko tu kama wa kwako. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kausha, kisha shughulikia tundu.