Hiyo "bai" imetoka wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi nimebishana na binti yangu yuko fomu tuu, ananiambia goodbye ni good na bye yaani "kwaheri njema", nikamuuliza sasa hiyo bye yenyewe ni nini, akakosa jibu na mi mwenyewe sina. Alafu kaka yake yuko chuo, usiku mmoja kaniandikia "Goodbye mama", moyo ukanilipuka, kupiga simu kumbe anaenda kulala tu. Tusaidieni jamani.
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Nzuri mama, na pole kwa mshtuko. Hiyo good siyo "njema", pale mwanzo alikuwepo Mungu. Waingereza wa zamani wakiagana walikuwa wanaombeana, "God be with ye", Mungu awe nanyi, sasa maneno ya kusemwa mlangoni kila siku lazima yalike, wakayavuta wakayameza mpaka likabaki neno moja. Mwaka 1573 msomi mmoja wa Cambridge, Gabriel Harvey, kwenye barua yake kaandika "godbwyes", anamwambia mwenzie kwa galoni yako ya kwaheri nakurudishia nusu galoni ya hujambo. Unaona bado God yupo pale mbele. Baadae ndo akageuka good, manake watu masikio yalishazoea good day na good night.

Kwa hiyo bye mama ni lile "be with ye" lililobaki, yaani "awe nanyi", ila awe nani hatajwi tena. Mi hapo ndo napapenda sana, mtoto anakata simu "haya bai" kumbe kakuombea dua nusu. Wafaransa nao adieu yao ni "kwa Mungu", na sisi kwaheri yetu ni kwa heri, tunakuacha kwenye heri.

Kuhusu kijana, goodbye nzima siku hizi ni nzito, ni ya mtu anayeenda mbali au wapenzi wanaoachana, kila siku wenyewe wanasema bye tu au see you. Ni kama kwetu kwaheri kavu inavyotisha, ndo maana tunaongezea "ya kuonana". Wa kulala anaaga good night. Akikuandikia tena usiku mjibu hivyo hivyo, "good night mwanangu", ataelewa.