Sindano ya kila mwezi na shingo kukakamaa

SWALI: Kaka yangu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili). Kila akidungwa flufenazini, shingo hukakamaa na mikono hutetemeka. Mama ataka tuiache. Tufanyeje? – Msomaji, Malindi

JIBU: Msiikatize wenyewe; ugonjwa huweza kurudi baada ya miezi, mkidhani amepona. Dawa za aina hii, tangu ile ya kwanza, kloropromazini ya mwaka 1952, huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, na dopamini hiyohiyo huongoza misuli. Mama hakukosea kuona shida. Mrudisheni kliniki: daktari aweza kupunguza dozi, kurefusha muda kati ya sindano, au kuongeza benzeksoli, dawa ya kupunguza kukakamaa na kutetemeka. Shingo ikipinda ghafla au akishindwa kumeza, ni hospitali siku hiyohiyo. Homa kali, mwili mgumu na kuchanganyikiwa? Hata usiku wa manane, mpelekeni.