Schiphol kwenda Heathrow: maswali yenu ya wiki hii

Naona wengi mnapanda KLM, shirika la Uholanzi, kutoka Nairobi hadi Amsterdam (uwanja wa Schiphol) alafu mnaunganisha London (uwanja wa Heathrow), so leo ni hiyo kipande cha mwisho tu.

Kutoka Schiphol hadi Heathrow ni kilometa ngapi?

Kama 370 ukipima moja kwa moja. Ni pungufu ya Nairobi–Mombasa kwa ndege.

Sasa mbona tiketi inasema saa moja na dakika 20? Hiyo ndege inapita wapi?

Haipiti popote jamani, hewani yenyewe mara nyingi haifiki hata saa. Ila tiketi inaanza kuhesabu ndege ikiachia geti na inamaliza ikishapaki, na Schiphol kuna njia ya kurukia inaitwa Polderbaan, ilifunguliwa 2003, iko mbali na jengo la abiria balaa, ukipangiwa hiyo mnatembea na matairi robo saa hivi, mnavuka hata daraja juu ya barabara kuu magari yanapita chini yenu, abiria mgeni anadhani rubani kaamua kuendesha mpaka London. Mkifika upande wa pili Heathrow ina njia mbili tu na ndege kibao, kwa hiyo mnaotokea mashariki mnaweza kuwekwa mnazunguka juu ya Lambourne kule Essex mkisubiri zamu. Mashirika yanayajua haya yote ndo maana yanaongeza dakika kwenye ratiba.

Natoka saa 9:00 nafika 9:20. Wamekosea?

Hapana, kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. London iko nyuma saa moja, kiangazi na baridi vilevile sababu wanabadili saa siku moja. Ukirudi ndo utalia, unatoka 9:00 unafika 11:20.

Ni kweli hii ruti ni ya zamani sana?

Ndo safari ya kwanza kabisa ya KLM, tarehe 17 Mei 1920, ila ilitokea upande wa London, uwanja wa Croydon, ikabeba waandishi wa habari wawili na magazeti. Watu wawili! Leo hapo hata siti ya dirishani unalipia.

Treni je?

Eurostar ya moja kwa moja ni kama saa nne, Amsterdam Centraal hadi St Pancras katikati ya jiji la London. Kama unaishi Amsterdam mimi ningepanda treni, ukijumlisha kwenda airport, foleni ya ukaguzi na kutoka Heathrow kuingia mjini tofauti inabaki ndogo. Ila kama umeshuka Schiphol na ndege ya Nairobi na mabegi yameshatumwa hadi London, endelea na ndege tu.

Nina visa ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya), inatosha?

Haitoshi. Uingereza haikuwahi kuwa Schengen, hata ilipokuwa Umoja wa Ulaya. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inahitaji visa ya Uingereza, na bila hiyo watakuzuia kabla hujapanda.

Ndege ikichelewa nalipwa?

Ukitokea Amsterdam sheria ya Ulaya inakulinda, shirika lolote lile. Ukifika umechelewa saa tatu au zaidi na kosa ni lao, kwa umbali huu ni yuro 250. Ukungu au dhoruba hawalipi, lakini chakula wakati unasubiri ni haki yako hata hapo, so nenda kaunta ukadai, usikae kimya na njaa yako.