Kwa nini ganzi haikushika kwenye jino lenye usaha

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulichomwa sindano mbili za ganzi kabla ya kung'olewa jino lililotunga usaha, ukaumia vilevile, na sasa unaamini kwamba dawa ilikuwa imekwisha muda. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya kando ya ziwa, huku Mwanza, kwa miaka 11 sasa, na kwa maelezo yako ninaushuku usaha kuliko dawa.

Taarifa ya maumivu husafiri kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu, kama mkondo mdogo wa umeme, unaotokana na sodiamu kuingia ndani ya neva kupitia vijilango vyake. Lignokaini, ndiyo dawa ya ganzi yenyewe, huviziba vijilango hivyo kutokea upande wa ndani, kwa hiyo ni lazima kwanza ipenye utando wa neva. Nyama yenye usaha ina asidi nyingi kuliko kawaida, na penye asidi sehemu kubwa ya dawa hubaki katika hali isiyoweza kupenya.

Wavuvi huletwa kwetu ndoana ikiwa imezama kiganjani. Nikichoma ganzi na kusubiri dakika 5, naisukuma ncha itokeze nje, naikata, na mgonjwa anaendelea kunisimulia bei ya sangara. Lakini aliyekaa kisiwani siku 4 mpaka kiganja kikatunga usaha, dawa ya chupa ileile humshika kwa shida sana, na inaniuma kumwona akivumilia kimya akidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Huyo mimi humchoma ganzi kwenye kifundo cha mkono, mbali na uvimbe, ili neva izibwe kabla ya kufika kiganjani. Daktari wa meno naye anaweza kuizibia neva nyuma ya taya.

Kuongeza sindano ovyo si suluhisho. Lignokaini isiyochanganywa na adrenalini, dawa ya kubana mishipa ya damu, sizidishi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 9 za dawa ya asilimia 2 kwa mtu wa kilo 60, kwa sababu ikizidi kwenye damu ulimi hufa ganzi, masikio huvuma, kisha huweza kufuata degedege na hata moyo kusimama.

Safari nyingine, ukihisi jino linasukumwa na kuvutwa tu, hiyo ni kawaida, kwa kuwa mguso na mgandamizo huchelewa kupotea kuliko maumivu. Ukihisi uchungu mkali, inua mkono mara moja, na anayekuhudumia anapaswa kusimama.